Mteja Mwaminifu Alipoishauri BlackBerry: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Katikati ya mwaka 2011, kampuni ya Research In Motion (RIM) ya mji wa Waterloo nchini Kanada, ambayo baadaye ilichukua rasmi jina la simu zake, BlackBerry, haikuonekana kuwa kampuni iliyo mahututi. Mwaka wake wa fedha uliokuwa umemalizika miezi michache nyuma uliiingizia karibu dola bilioni 20 za Marekani, watumiaji wake duniani walikuwa wamepita milioni 60, na katika nchi kama Indonesia, Nigeria na Afrika Kusini simu zake zilikuwa bado zinagombaniwa. Hata hivyo, waliokuwa karibu nayo walikuwa wameshaingiwa na hofu. Tableti yake, PlayBook, iliingia sokoni mwezi Aprili bila programu yake yenyewe ya baruapepe, jambo la kushangaza kwa kampuni iliyojijengea jina kwa baruapepe. Mwezi Juni mfanyakazi wa ngazi ya juu ambaye hakujitaja jina aliwaandikia hadharani wakuu wawili wa kampuni, Mike Lazaridis na Jim Balsillie, akiwasihi wabadili mwenendo, na mwezi Julai kampuni ikatangaza kuwapunguza wafanyakazi 2,000.

Barua ya mfanyakazi huyo ilijadiliwa sana wakati ule. Haikujadiliwa kwa kina sauti nyingine iliyokuwa ikisikika sambamba nayo, tena kwa muda mrefu zaidi, nayo ni sauti ya mteja aliyekuwa bado ananunua. Uchambuzi huu unahusu ushauri wa mteja huyo: aliomba nini, kwa nini aliomba hayo, na kampuni ilichagua kusikia lipi na kulipuuza lipi.

Mteja ninayemzungumzia hakuwa mtu wa kufuata mtindo. Alikuwa na BlackBerry Bold yake ya pili au ya tatu, aliandika barua ndefu kwa vidole gumba viwili bila kuangalia vitufe, na namba yake ya PIN, ile ya kumtambulisha kwenye BBM (BlackBerry Messenger), huduma ya ujumbe ya simu hizo, aliigawa kama wengine wanavyogawa namba ya simu. Dar es Salaam na Nairobi alikuwa zaidi mtu wa ofisi, wa benki au wa shirika, lakini pia mfanyabiashara aliyewatumia wateja wake picha za mzigo mpya kupitia BBM. Uaminifu wake ulikuwa na sababu za kueleweka. Data za BlackBerry zilipitia kwanza kwenye vituo vya kampuni, zikabanwa na kupunguzwa ukubwa kabla ya kufika kwenye simu, na kwa sababu hiyo barua ilifika papo hapo hata pale ambapo mtandao ulikuwa wa kusuasua, huku betri na kifurushi vikitumika kidogo. Kwa mtu aliyeishi kwenye mitandao ya 2G, hiyo ilikuwa tofauti kati ya simu inayofanya kazi na simu inayozungusha alama ya kusubiri.

Ushauri wake, ukiondoa hasira na mapenzi yaliyouzunguka, ulikuwa wa namna moja popote uliposikika: msiviondoe vitufe, fungueni BBM ili tuwapate na wenzetu wenye simu nyingine, leteni programu ambazo watu wanazitumia kweli, na mkiahidi kitu, kitimizeni. Kwa mtazamo wangu mambo hayo manne hayakuwa na uzito sawa. Hilo la BBM lilikuwa na uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa, na ndilo kampuni ililolikataa kwa muda mrefu zaidi.

BBM ilianza mwaka 2005, wakati ambapo kumtumia mtu wa nchi nyingine ujumbe wa kawaida wa simu lilikuwa jambo la kuhesabia senti. Mwenye BlackBerry aliandika bila kuhesabu, akaona herufi D ujumbe ulipofika na herufi R uliposomwa, na ndugu aliye Muscat, Dubai au London akawa karibu kama aliye mtaa wa pili. Mazungumzo hayo yalipita kwenye njia ya kampuni yenyewe, na usiri wake ulizisumbua hata serikali. Mwezi Agosti 2010 Falme za Kiarabu zilitangaza kwamba zingesitisha huduma za BlackBerry kuanzia tarehe 11 Oktoba, kisha zikaghairi siku chache kabla ya tarehe hiyo. Huduma inayoweza kuigombanisha kampuni ya simu na dola haikuwa kitu cha pembeni. Kwa watumiaji wengi, hasa vijana wa nje ya Marekani, ndiyo iliyokuwa sababu ya kununua simu.

Ila huduma ya namna hiyo ina tabia moja inayoitofautisha na kamera au betri: thamani yake kwa mteja iko kwa watu wengine. Kamera haiharibiki jirani akinunua simu ya kampuni nyingine. BBM iliharibika. Kila rafiki aliyehamia iPhone au simu ya Android alitoweka kwenye orodha ya yule aliyebaki, ambaye simu yake ilipungua manufaa ingawa hakuna kilichovunjika ndani yake. Nchini Kenya, Safaricom ilianza kuuza simu ya Huawei IDEOS yenye mfumo wa Android kwa bei iliyozunguka dola 100 za Marekani, na watu waliokuwa hawajawahi kufikiria simujanja wakaanza kuingia mtandaoni kwa njia ambayo BBM haikuweza kuwafikia. Mteja mwaminifu aliliona hilo kabla ya mhasibu wa Waterloo. Mauzo ya dunia yalikuwa bado yanapanda katika nchi zinazoendelea, na takwimu za jumla zikaficha ufa ambao yeye aliushuhudia kwa kutazama tu ni majina mangapi yamebaki kwenye orodha yake.

Kwa hiyo aliposema “fungueni BBM”, hakuwa akiomba fadhila kwa ajili ya wateja wa kampuni nyingine. Alikuwa akiomba arudishiwe watu wake. Aliponyimwa, alifanya jambo la kawaida kabisa, akapakua WhatsApp kwenye BlackBerry ileile. Huduma hiyo iliyoanza mwaka 2009 ilipatikana kwenye iPhone, kwenye Android, kwenye Nokia za aina kadhaa na kwenye BlackBerry pia, na hivyo mteja aliyebaki hakulazimika kuiacha simu yake ili kuiacha BBM. Hii ndiyo hatua ambayo wachambuzi wengi huipita haraka. Siku alipoihamisha familia yake WhatsApp, uaminifu wake kwa BlackBerry ulibaki kuwa wa chombo tu, na chombo hubadilishwa mkataba ukiisha.

Kampuni haikuwa gizani kuhusu jambo hili. Mwezi Oktoba 2010, kijana aliyewahi kufanya kazi RIM akiwa mwanafunzi, Ted Livingston, alizindua Kik, programu ya ujumbe iliyofanana na BBM lakini iliyovuka mipaka ya aina za simu, na ikapata watumiaji kwa kasi kubwa ndani ya wiki chache. RIM iliiondoa Kik kwenye duka lake la programu, kisha mwezi Novemba ikaifungulia kesi ya hataza. Kisheria huenda kampuni ilikuwa na hoja. Kibiashara ilikuwa imeonyeshwa bure, kwa mfano hai, kwamba ushauri wa mteja wake unauzika, ikajibu kwa kumwita mwanasheria.

Sababu ya ukaidi huo haikuwa ujinga, na haifai kuwatendea waliokuwa wakiamua wakati ule kama watu waliokosa akili. Kwa kila mtumiaji wa BlackBerry, kampuni za simu duniani ziliilipa RIM ada ya mwezi kwa matumizi ya mtambo wake. Katika mwaka wa fedha uliomalizika mapema 2012, mapato ya huduma yalipita dola bilioni 4, zaidi ya moja ya tano ya mapato yote, tena yalikuwa na faida nono kuliko simu zenyewe. BBM ilikuwa kamba iliyomfunga mtumiaji kwenye ada hiyo. Kuifungua kulimaanisha kumpa sababu ya kununua simu ya mtu mwingine na kuzihimiza kampuni za simu ziulize zinalipia nini hasa. Mteja mwaminifu hakujua chochote kuhusu ada hiyo, wala hakuhitaji kujua. Lakini ndiyo iliyoufanya ushauri wake usikike Waterloo kama mwito wa kuchoma nyumba.

Ndani ya kampuni alikuwepo aliyefikiri kama mteja. Balsillie mwenyewe, kama ilivyoripotiwa baadaye, alikuwa na mpango wa kuipeleka BBM kwenye simu za aina zote kwa kushirikiana na kampuni za mitandao, ambazo zingeitoa kama sehemu ya vifurushi nafuu vya ujumbe na kuilipa RIM kiasi kidogo kwa kila mtu. Mpango huo ungepunguza ada kwa kichwa na kuongeza vichwa. Mwezi Januari 2012 yeye na Lazaridis waliachia ukuu, Thorsten Heins akashika usukani akiwa na msimamo kwamba hakuna haja ya mabadiliko makubwa, mpango ukawekwa kando, na mwezi Machi Balsillie akajiondoa kwenye bodi. Sidhani kama mpango wake ulikuwa na uhakika wa kufaulu, kwa kuwa kampuni za mitandao hazina sifa ya kwenda haraka. Lakini mwanzoni mwa 2012 WhatsApp ilikuwa bado haijawa mazoea ya kila nyumba, na BBM ilikuwa na jina ambalo watu walilitamani hata kabla ya kuipata.

Hatimaye BBM ilifunguliwa mwezi Oktoba 2013, baada ya jaribio la mwezi Septemba kukwama kutokana na toleo la Android lililovuja kabla ya wakati. Ndani ya saa 24 za kwanza ilipakuliwa mara milioni 10. Idadi hiyo mara nyingi hutajwa kama fahari. Mimi naisoma kama kipimo cha hasara, kwa maana inaonyesha hamu iliyokuwepo miaka yote ya kukataa. Wakati huo WhatsApp ilikuwa imeshapita watumiaji hai milioni 300 kwa mwezi, na mtu aliyeipakua BBM kwa hamu alifungua orodha yake akakuta watu wachache ambao wote alikuwa nao tayari mahali pengine. Miezi minne baadaye, Februari 2014, Facebook ilikubali kuinunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19, wakati kampuni nzima ya BlackBerry, pamoja na hataza, majengo na fedha zake, ilikuwa imetafutiwa mnunuzi katika msimu uliotangulia kwa dola bilioni 4.7 na mauzo hayo hayakukamilika.

Kuhusu vitufe, hali ilikuwa kinyume, na hapa inabidi kumkosoa mteja mwaminifu. Aliposema watu wanataka vitufe, alisema kweli kuhusu nafsi yake na kukosea kuhusu waliokuwa wakiondoka. Aliyeondoka hakuondoka kwa sababu vitufe vilikuwa vibaya. Aliondoka kwa sababu vilikula nusu ya uso wa simu, na nusu hiyo aliitaka kwa ajili ya kurasa za intaneti, picha, ramani na video. Watu waliohama hawakubaki kutoa ushauri, na hilo ndilo tatizo la kusikiliza waliobaki peke yao: wanaeleza kwa ufasaha kwa nini wanabaki, na ufasaha huo unaweza kudhaniwa kuwa maelezo ya soko.

Kampuni ilikuwa na sababu ya ziada ya kuupenda ushauri huu. Mwezi Novemba 2008, ikisukumwa na Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya Marekani iliyohitaji simu ya kushindana na iPhone, ilitoa Storm, simu ya skrini ya kugusa ambayo uso wake wote ulibonyezwa kama kitufe kimoja. Haikuwa na Wi-Fi, programu yake ilijaa kasoro, na wanunuzi wengi waliirudisha dukani. Fundisho sahihi lilikuwa kwamba Storm ilitengenezwa vibaya. Fundisho lililobaki vichwani mwa wengi lilikuwa kwamba BlackBerry bila vitufe si BlackBerry. Mteja mwaminifu alipiga makofi, na makofi yake yakaonekana kama ushahidi.

Ajabu ni kwamba kampuni ilipoamua kumpuuza kuhusu vitufe, ilifanya hivyo vibaya, na ilipoamua kumsikiliza, ilikuwa imechelewa. Mfumo mpya wa BlackBerry 10, uliojengwa juu ya QNX, mfumo endeshi ambao kampuni yake ilinunuliwa mwaka 2010, ulizinduliwa tarehe 30 Januari 2013. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Z10, simu ya skrini nzima, iliyokwenda kupambana ana kwa ana na iPhone na simu za Samsung kwa mnunuzi ambaye hakuwa na haja nayo. Q10 yenye vitufe ilifuata miezi kadhaa baadaye, na hata hiyo haikuwa na kipadi cha kuongozea kishale wala mstari wa vitufe vya kupiga na kukata simu, vitu ambavyo vidole vya mteja wa zamani vilikuwa vimevizoea. Robo ya mwaka iliyomalizika Agosti 2013 ilileta hasara ya dola milioni 965, karibu yote ikitokana na Z10 zilizokuwa zimerundikana bila wanunuzi, na watu wengine 4,500 wakaambiwa kazi zao zimekwisha. John Chen, aliyechukua nafasi ya Heins mwezi Novemba, alirudisha kila kitu kwenye simu iliyoitwa Classic mwezi Desemba 2014. Ilikuwa simu nzuri, nadhani, na ilitimiza ushauri wa mteja mwaminifu wa mwaka 2011 karibu neno kwa neno. Utengenezaji wake ulisitishwa katikati ya 2016.

Suala la programu halihitaji maelezo marefu. Mteja aliomba programu kwa majina, kampuni ikajibu kwa hesabu. BlackBerry 10 ilizinduliwa ikitangaza programu 70,000, baadhi zikiwa zimetoka Android kwa marekebisho madogo, na watengenezaji walihakikishiwa kwamba programu iliyokidhi masharti na kuingiza angalau dola 1,000 kwa mwaka ingeongezewa hadi kufikia 10,000. Instagram haikuja na toleo lake rasmi. Kijana aliyetaka kuweka picha hakuwa na la kufanya na hizo 70,000.

Kuhusu ahadi, jeraha lilikuwa la kina zaidi, ingawa kwenye vitabu vya hesabu halionekani. Tarehe 10 Oktoba 2011 swichi kuu katika kituo cha kampuni huko Slough, Uingereza, ilishindwa, na kwa siku tatu hivi huduma ikakatika au kuzorota Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika, kisha Amerika. Mtambo uleule uliobana data na kuifanya simu iwe nafuu ulikuwa pia mlango mmoja ambao ukifungwa wote wanabaki nje. Hilo watu walilisamehe, kwa sababu lilikuwa ajali na Lazaridis aliomba radhi. Lisilosameheka kirahisi lilitokea mwezi Juni 2013. Walionunua PlayBook, ambao kwa sehemu kubwa hawakuwa wengine ila wateja waaminifu hasa, walikuwa wameahidiwa kwamba tableti yao ingepata mfumo wa BlackBerry 10. Heins akatangaza kwamba haitaupata, kwa kuwa hakuridhika na jinsi ulivyofanya kazi humo. Kiufundi huenda alikuwa sahihi. Lakini watu aliowaangusha ndio waliokuwa wakiitetea kampuni bila malipo mbele ya ndugu na wafanyakazi wenzao.

Tukio moja la mwaka 2014 linasaidia kupima uaminifu huo ulikuwa umebaki kiasi gani. Mwezi Februari, kampuni ya T-Mobile ya Marekani iliwatumia wateja wake wenye BlackBerry tangazo la kuwashawishi wahamie iPhone. Walikasirika, wakalalamika hadharani, na Chen naye akaandika kulaani kitendo hicho. T-Mobile ikarudi nyuma kwa kutoa punguzo kwa yeyote atakayerudisha BlackBerry yake ya zamani na kuchukua simu mpya, na punguzo kubwa zaidi kwa atakayechukua BlackBerry nyingine. Walio wengi mno kati ya waliolitumia punguzo hilo walichukua simu za kampuni nyingine. BlackBerry haikuhuisha mkataba wake na T-Mobile mwezi Aprili. Sioni unafiki katika hasira ile ya kwanza. Mtu anaweza kuipenda kampuni kwa dhati na wakati huohuo kuhitaji simu ambayo watu wake wote wanaweza kumfikia. Ulimi ulisema la kwanza, mfuko ukasema la pili.

Ndiyo maana ukiusoma ushauri wa mteja mwaminifu kama orodha ya matakwa unapotea. Katika orodha hiyo vitufe vinasimama juu, kwa sababu ndivyo alivyovisema kwa sauti kubwa na ndivyo vilivyokuwa rahisi kumpa. Ukiuliza kila takwa linamgharimu nani, unapata mpangilio mwingine. Vitufe havikuigharimu kampuni kitu ilichokithamini. Programu ziliigharimu fedha, nayo ilikuwa nazo. BBM ndiyo iliyoigharimu ada ya mwezi, na hapo ndipo mteja alikuwa anaona mbali kuliko bodi, kwa sababu ada hiyo ilikuwa ikitoweka kwa vyovyote vile: BlackBerry 10 yenyewe haikuhitaji kifurushi maalumu cha zamani, na mapato ya huduma yakaanza kuporomoka robo baada ya robo. Kilichokataliwa mwaka 2011 ili kuilinda ada hakikuilinda zaidi ya miaka miwili.

Kampuni iliacha kujitengenezea simu mwezi Septemba 2016, ikabaki na programu za usalama pamoja na QNX inayotumika kwenye magari, na jina likakodishwa kwa TCL, kampuni ya China iliyotoa simu zenye vitufe hadi mkataba wake ulipokwisha Agosti 2020. BBM ya watu wa kawaida, iliyokuwa imekabidhiwa kwa kampuni ya Emtek ya Indonesia, ilifungwa tarehe 31 Mei 2019. Kwa waliokuwa bado wanaitumia, BlackBerry ilifungua toleo lake la maofisi, bure kwa mwaka wa kwanza na kisha kwa dola 2.49 kila miezi sita, likifanya kazi kwenye iPhone na kwenye simu yoyote ya kisasa ya Android.